Mlima peke yake haukutosha

Imezoeleka kusemwa, madarasani na hata maofisini wakati wa chai, kwamba jeshi la kawaida haliwezi kumshinda mpiganaji wa msituni akishapanda mlimani. Hutajwa Afghanistan, ambako majeshi ya Urusi yaliingia Desemba 1979 na kuondoka Februari 1989, yakiwa yamepoteza askari wapatao 15,000. Hutajwa bonde la Panjshir, ambalo majeshi hayo yaliliteka mara kadhaa kwa ndege na vifaru, na kila yalipoliacha wapiganaji wa Ahmad Shah Massoud wakarejea. Mifano hiyo ni ya kweli. Kanuni inayochumwa kutokana nayo ndiyo yenye kasoro, na anayetaka kuiona kasoro hiyo hana haja ya kwenda hadi Asia. Autazame Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ambayo wakoloni waliiita Aberdare, kati ya mwaka 1952 na 1956.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya Oktoba 20, 1952. Usiku uleule viongozi wa wananchi walikamatwa, akiwamo Jomo Kenyatta. Vijana waliokuwa wamekwisha kula kiapo cha kuirejesha ardhi iliyoporwa na walowezi wakaingia msituni. Dunia iliwajua kwa jina la Mau Mau. Wao wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Silaha zao nyingi zilikuwa mapanga, na bunduki walizozitengeneza kwa vipande vya bomba la maji na komeo la mlango.

Hapana shaka kwamba mwanzoni mlima uliwafaa sana. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na vilele vya Nyandarua hufikia karibu mita 4,000. Chini kuna msitu mnene, juu yake mianzi iliyosongamana hata mtu haoni hatua 10 mbele yake, na juu zaidi nyika ya baridi kali. Jeshi lililofunzwa kupigana na Wajerumani katika nyanda za Ulaya lilikuta njia za nyati na tembo. Kijana wa Kiingereza aliyeandikishwa kwa lazima alipanda na buti nzito na mzigo mgongoni, na wapiganaji walimtambua kwa harufu ya sabuni na sigara kabla hawajamwona. Kuanzia Novemba 1953 zililetwa ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln. Zilishambulia miti, nyati na vifaru wa porini, na mara chache sana watu waliokusudiwa.

Januari 1955 ulifanyika msako mkubwa wa Nyandarua uliopewa jina la Nyundo. Vikosi vilianzia kileleni, vikateremka vikisomba msitu kama wawindaji wanavyosomba wanyama. Baada ya majuma kadhaa wapiganaji waliouawa au kukamatwa walikuwa 161 tu. Kwa jeshi la ukubwa ule hiyo ilikuwa aibu, na maofisa wenyewe walilijua hilo. Lau vita vingeendelea kwa njia hiyo, wale wanaoutukuza mlima wangekuwa na haki.

Lakini wakati Nyundo ilipokuwa ikigonga miti, vita vilikuwa vimekwisha kuhamia mahali pengine. Jenerali George Erskine, aliyefika Nairobi Juni 1953, alikuwa ameng'amua kwamba mtu aliye mlimani hali mawe. Unga wake, dawa zake, risasi zake na habari zake zilitoka chini. Aprili 24, 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Fuawe, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakasombwa kwa malori kupelekwa kizuizini. Mwezi Juni mwaka huohuo ikatolewa amri ya kuwakusanya wakulima vijijini kwa nguvu. Katika muda usiozidi miezi 18 watu zaidi ya milioni 1 walibomolewa nyumba zao na kuwekwa katika vijiji vipatavyo 800, vilivyozungushiwa seng'enge na mahandaki, chini ya ulinzi wa askari mgambo walioitwa Homugadi.

Halafu likachimbwa handaki. Lilipita kandokando ya msitu wa Mlima Kenya kwa urefu wa maili 50, likisimikwa mianzi iliyochongwa ncha. Hapakuwa na mashine iliyolichimba. Walilichimba wananchi kwa kazi ya shokoa, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini, wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake. Mama aliyekuwa akipeleka chakula msituni usiku alilazimishwa mchana kuchimba shimo la kumzuia mwanawe asikifikie chakula hicho. Jioni alirudi kijijini kwenye amri ya kutotoka nje, shamba lake likiwa limeachwa, na njaa ikaua watoto na wazee. Mambo hayo hayakusimuliwa sana katika magazeti ya London ya wakati ule, yaliyojaa picha za ndege na za msitu.

Hesabu ya msituni inaeleza yaliyofuata. Mwaka 1953 wapiganaji walikadiriwa kuwa zaidi ya 12,000. Mwishoni mwa 1955 walibaki kama 2,000, na mwaka mmoja baadaye mia chache. Waliobaki waliishi kwa asali, nyama ya mitego na mizizi, wakikwepa vikundi bandia vya wenzao wa zamani waliogeuzwa na polisi. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China na aliyewahi kupigana Burma katika jeshi la Mwingereza, alikuwa amekamatwa tangu Januari 1954. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956. Hakukamatwa na divisheni wala na ndege. Alikutwa ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri, na aliyempiga risasi mguuni alikuwa askari Mwafrika wa polisi wa kikabila. Alinyongwa Februari 18, 1957.

Jambo hilo la Mwafrika kumpiga Mwafrika lisirukwe kwa aibu. Homugadi walifikia watu wapatao 25,000, na wengi wao walikuwa Wakikuyu, baadhi wakitishwa, wengine wakitarajia ardhi, ambayo kweli walipendelewa wakati wa kugawa upya mashamba. Vikosi vya KAR vilivyopigana huko vilikuwa na askari wa Uganda na wa Tanganyika pia, jambo ambalo Watanzania hawapendi kulikumbuka. Mkoloni hakuwa na askari Waingereza wa kutosha kuulinda kila mlango wa kila kijiji. Alihitaji mlinzi anayezijua sura za jirani zake, naye akampata.

Lingine lililowapungukia wapiganaji wa Kenya ni mpaka. Milima yao ipo katikati ya nchi, na pande zote ilizungukwa na koloni au mashamba ya walowezi. Hakuna sanduku moja la risasi lililowafikia kutoka ng'ambo. Wapiganaji wa Panjshir walikuwa na Pakistan nyuma yao. FRELIMO nayo, iliyoanza vita Septemba 25, 1964, ilipigania uwanda wa Mueda, ambao kwa urefu si kitu mbele ya Mlima Kenya. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alituma huko askari wapatao 35,000, akateka kambi na kutangaza ushindi. Lakini ng'ambo ya mto Ruvuma ilikuwapo Tanzania, na katika kambi ya Nachingwea vijana waliendelea kufunzwa. Juni 25, 1975 bendera ya Ureno iliteremshwa Msumbiji. Afisa wa Kireno angependa sana kuchimba handaki lake la maili 50, angelichimba wapi?

Basi jeshi la kawaida lilifaulu Kenya, na ni lazima likiriwe hilo. Lilifaulu kwa kuacha kupigana na mlima na kuanza kupigana na mkulima. Kwa hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe, wapiganaji waliouawa walizidi 11,000, na wafungwa waliopelekwa kwenye kitanzi walikuwa zaidi ya 1,000. Fedha zilizotumika zilifikia pauni milioni 55. Ushindi wa namna hiyo hauwezi kulindwa bila kambi, na kambi haziwezi kulindwa bila marungu. Machi 3, 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Serikali ilijaribu kwanza kusema walikufa kwa maji waliyokunywa. Uongo huo ulipofichuka, Bunge la Uingereza lilitikisika, na watawala walioushinda mlima wakashindwa kueleza kwa nini waendelee kukaa Kenya. Mazungumzo ya katiba yalianza London Januari 1960. Uhuru ulipatikana Desemba 12, 1963, na wapiganaji waliokuwa wamesalia wakatoka msituni na nywele zao ndefu, wengi wao wasipate hata ekari moja ya ardhi waliyoipigania.

Mwalimu anayefundisha habari hizi, kwa hiyo, asiishie kwenye mapango na mianzi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake mbele ya Bunge na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, wazee kwa vikongwe. Madai yao hayakuhusu mabomu yaliyoangushwa mlimani. Yalihusu mateso waliyofanyiwa chini, mikononi mwa walinzi wao.