Gofu ya Mauritius na Eka Tatu Zetu

Karibu kila mwaka, ufikapo mwezi wa Disemba, televisheni za nchi za nje hutuletea picha za kisiwa cha Mauritius: bahari ya rangi ya feruzi, mlima umesimama nyuma, na mbele yake majani yaliyokatwa sawasawa kama zulia, ambapo mtu mmoja ameinama kukitazama kimpira cheupe. Hayo ni mashindano ya gofu ya Mauritius kwa wanaume wachezaji wa kulipwa. Vijana wetu wengi huzipita picha hizo kwa kutafuta idhaa yenye kandanda, wala hatuwalaumu. Lakini sisi tunaona kwamba wakaazi wa visiwa, na hasa viongozi waliopewa dhamana ya ardhi ya visiwa hivyo, hawana budi kuzitazama kwa makini zaidi.

Mashindano hayo yaliingia katika daraja la juu mwezi wa Mei 2015, pale vyama vitatu vya wachezaji wa kulipwa, cha Ulaya, cha Asia na cha Kusini mwa Afrika, vilipokubaliana kuyatambua kwa pamoja, jambo ambalo halikupata kutokea kabla ya hapo. Yalichezwa Bel Ombre, pwani ya kusini, na mshindi alikuwa George Coetzee wa Afrika Kusini, aliyempita Thorbjørn Olesen wa Denmark katika shimo la nyongeza baada ya wote wawili kumaliza sawa. Tangu hapo yamekuwa yakihamahama baina ya Bel Ombre, Anahita iliyo mashariki, na Mont Choisy ya kaskazini. Mwaka 2020 hayakuchezwa kwa sababu ya maradhi ya Korona.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, na sisi tunakiri kwamba hatujapata kuishika fimbo yake, sheria yake kubwa ni nyepesi: mashimo 18 kwa siku, siku nne, na mwenye mapigo machache zaidi ndiye mshindi. Baada ya siku mbili, takriban nusu ya wachezaji huondolewa. Anayeondolewa hapati senti ya zawadi, ingawa nauli, chumba na ujira wa mchukua fimbo wake vyote viko juu yake. Kwa hiyo mchezo unaodhaniwa kuwa ni wa mabwana waliostarehe, kwa wengi wa wanaoucheza ni kibarua kigumu.

Ushahidi wa hayo ulionekana mwaka 2016 huko Anahita. Mshindi alikuwa kijana wa Korea ya Kusini, Jeunghun Wang, ambaye wiki moja tu nyuma alikuwa ameshinda Morocco. Aliyekuwa wa pili kwa pigo moja ni Siddikur Rahman wa Bangladesh. Huyu si mtoto wa tajiri. Aliuingia mchezo huu katika uwanja wa Kurmitola mjini Dhaka akiwa mtoto wa kuokota mipira ya wakubwa, na akajifunza kwa kuwatazama. Siku ile ya mwisho aliongoza hadi mashimo ya mwishoni, kisha ushindi ukamponyoka. Hata hivyo nafasi ya pili ilimsogeza katika hesabu za dunia, na mwaka huo huo akaenda Rio de Janeiro kucheza katika Michezo ya Olimpiki akiwa Mbangladeshi wa kwanza kufuzu kwa uwezo wake mwenyewe badala ya kualikwa. Sisi tunamtaja Siddikur kwa sababu watetezi wa viwanja vya gofu hupenda kusema kwamba viwanja hivyo huwafungulia njia watoto wa wanyonge. Ni kweli vinaweza, pale ambapo mtoto wa mnyonge ameruhusiwa kuingia. Lakini tangu 2015 hakuna mwana wa Mauritius aliyepata kulitwaa kombe la nyumbani kwake.

Sasa swali ni hili: kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,865, kilichozidi Unguja kwa kidogo tu, kinatafuta nini katika mchezo huu?

Jibu limo katika sukari. Kwa zaidi ya karne mbili Mauritius iliishi kwa miwa. Tangu 1975, chini ya Mkataba wa Lomé, Ulaya ilikuwa ikiinunua sukari hiyo kwa bei nzuri iliyokubaliwa. Kisha Ulaya ikabadili sera yake, na kati ya mwaka 2006 na 2009 bei ikapunguzwa kwa asilimia 36. Wenye mashamba makubwa walikuwa wameiona dhoruba kabla haijafika. Mwaka 2002 serikali ilikwishaweka utaratibu wa kuwaruhusu wageni kununua majumba ya fahari katika miradi maalumu, kwa bei isiyopungua dola za Marekani 500,000 kwa nyumba moja, na mnunuzi kupata haki ya kuishi nchini. Nyumba ya bei hiyo haiuziki katikati ya miwa. Inahitaji mandhari, na mandhari inayopendwa na matajiri wa dunia ni uwanja wa gofu. Anahita na Bel Ombre yalikuwa mashamba ya miwa. Leo ni viwanja, hoteli na majumba.

Hapo ndipo maana ya mashindano inapodhihirika. Siku nne za televisheni ni dirisha la duka. Zawadi ya 2015, iliyokuwa kiasi cha Yuro milioni moja, ni gharama ya tangazo. Mwaka 2023 Louis Oosthuizen wa Afrika Kusini alishinda Bel Ombre juu ya uwanja mpya ambao yeye mwenyewe alishiriki kuuchora. Alicheza vizuri, wala hatumnyang'anyi haki yake. Lakini kwa muuzaji wa viwanja vya nyumba, tangazo gani lingekuwa bora kuliko hilo?

Hatusemi haya kwa kuwakejeli ndugu zetu wa Mauritius. Walipofungiwa mlango mmoja wakatafuta mwingine, na mshahara wa mtumishi wa hoteli huwalisha watoto kama ulivyowalisha mshahara wa mkata miwa. Tena nchi ile haiko mbali nasi kama wengine wanavyodhani. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya Wafaransa, na Mauritius ilikuwa mojawapo. Watu wa mwambao huu waliilima ardhi ile kwa mijeledi. Magharibi ya Bel Ombre, si mbali na majani hayo ya zulia, umesimama mlima wa Le Morne ambako watumwa waliotoroka walijificha. Tangu 2008 mlima huo umo katika Urithi wa Dunia. Mtazamaji anayeuona katika televisheni nyuma ya mpiga mpira hudhani ni pambo.

Yako mawili huko Mauritius yanayostahili kupimwa na viongozi wetu. La kwanza ni ufukwe. Tangu enzi za Wafaransa, sheria yao huhesabu ukanda wa pwani wa hatua hamsini za kipimo cha zamani, yaani mita 81.21, kuwa ni mali ya dola isiyouzwa. Ni sheria nzuri. Walakini kisichouzwa hukodishwa, na mkodishaji akiisha kuweka ua na mlinzi, mvuvi haoni tofauti. La pili ni maji. Kisiwani mle miezi ya kabla ya mvua ni ya dhiki, na mara nyingi mamlaka ya maji hulazimika kuyatoa majumbani kwa saa. Mashindano ya Disemba huangukia ukingoni mwa kiangazi hicho, na majani ya gofu hayasubiri mawingu. Mashamba makubwa yalirithi haki za maji ya mito tangu zamani. Kijiji kinachosubiri mfereji hakikurithi kitu.

Mauritius walau ina mito na mabwawa. Sisi hapa Unguja tunaishi juu ya jiwe la matumbawe, tukinywa maji yaliyolala chini yake, na kila anayechota kupita kiasi karibu na pwani huyaita maji ya chumvi yapande kisimani. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari milioni 1.89, ambao ni wengi kuliko watu wote wa Mauritius.

Tuipime na ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma, na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Uwanja mmoja wa gofu wa mashimo 18 aghlabu huhitaji eka 120 na zaidi, nje ya hoteli na majumba yake. Hizo ni eka tatu za wakulima arobaini. Mwenye kuleta ombi la uwanja wa namna hiyo, akatuahidi na wachezaji wa kimataifa na televisheni zao, asifukuzwe mlangoni, maana nchi inahitaji kazi na fedha za kigeni. Ila aulizwe arobaini hao watakwenda wapi, na ajibu kwa majina ya vijiji, si kwa ramani ya rangi.

Na aulizwe mambo mengine: maji ya majani yake atayapata wapi bila ya kugusa kisima cha mtu, njia ya wavuvi itapita wapi na nani atahakikisha haifungwi, watoto wangapi wa skuli ya jirani wataruhusiwa kushika fimbo badala ya kuokota mipira tu, na miaka ya ukodishaji ikiisha, kipi kitarudi mikononi mwa umma.

Majibu hayo yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa Kiswahili, na yasomwe mbele ya wananchi katika shehia inayohusika kabla ya kalamu ya kiongozi yeyote haijagusa karatasi. Wizara zinazohusika zinaweza kutoa agizo hilo sasa, kabla ya ombi kufika mezani.