SAUTI YA MTU NI JASHO LAKE, USIIUZE BILA IDHINI YAKE



Ndugu yangu katika imani, wewe mwenye kibanda cha kuwaingizia watu kaswida na mawaidha kwenye flashi na memori kadi, leo nazungumza na wewe. Na wewe mteja wake usikimbie.

Utasikia: "Sheikh, hii ni elimu ya dini, elimu haina mwenyewe." Sawa. Kama haina mwenyewe, mbona unatoza? Sheikh aliyesema sambazeni bure, ameruhusu kusambaza bure, hakukufungulia duka. Na madrasa iliyochangishana kanzu za watoto na pesa ya studio haikuruhusu chochote. Walitegemea zile nakala ziwalipie deni. Wewe ulinunua moja ukatoa mia! Huko ni kula mali ya watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 29.

Wengine wanasema hakimiliki ni mambo ya wazungu. Soma kwanza, ndugu yangu. Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walikutana Kuwait Disemba 1988 wakapitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Tanzania ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Zanzibar wakatunga yao 2003. Kuuza nakala bila idhini ni jinai, faini na kifungo vipo. Mwaka 2013 zikaja na stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu.

Sasa njoo kwenye kasha. Juu picha na jina la sheikh maarufu, ndani anazungumza mtu mwingine kabisa, au mawaidha yamekatwa katikati mpaka fatwa imegeuka. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Kasha lako lina tofauti gani na rundo lile?

Nakubali, mara nyingi anayekamatwa ni kijana wa kibandani, na mwenye mashine ya kunakili maelfu analala kwake salama. Hiyo ni dhulma na tuiseme. Lakini haikuhalalishii wewe.

Hii ni haki ya mja. Istighfari peke yake haitoshi mpaka umrudishie mwenyewe au akusamehe. Namba ya simu ya madrasa imeandikwa kwenye kasha lile lile ulilolinakili. Wapigie leo kabla ya Magharibi.