DAWA YA MOTO NI MOTO

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilithibitisha neno hilo kwa kirusi cha UKIMWI. Kirusi hiki hakizaani ila ndani ya seli ya binadamu, na kila seli imezungukwa na utando. Ili kiingie, hutumia protini yake moja, ambayo hujichoma katika utando huo, kisha hujikunja na kuzivuta tando mbili, ule wa kirusi na ule wa seli, hata zikaungana. Hapo mlango umefunguka.

Wataalamu wale walinakili kipande kifupi cha protini hiyo hiyo, chenye asidi amino 36 tu. Kipande hicho huishika protini ya kirusi kabla haijajikunja, na mlango haufunguki. Dawa hiyo, enfuvirtidi, iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2003.

Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini yatupasa kuuliza: ilimfaa nani? Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 20,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Haikuweza kumezwa, kwani tumbo lingeisaga kama chakula. Mgonjwa alichanganya unga na maji yasiyo na vijidudu, akajidunga sindano mara mbili kila siku. Ni nani Mwananyamala angeyaweza hayo?

Nchi yetu, ambayo wagonjwa wake wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ilipata nafuu kwa vidonge vilivyoanza kutolewa bure mwaka 2004. Leo mama wa Mwananyamala humeza kidonge chake, akaenda sokoni kuuza mboga. Dawa na ipimwe hivyo: je, yamfikia mnyonge?

Hata hivyo, tusidhani elimu hii haituhusu. Kirusi cha homa ya dengue, iliyoisumbua mno Kinondoni mwaka 2014, nacho huingia kwa kuunganisha tando, wala hakijapata dawa maalumu ya kukiua. Chikungunya, homa yenye jina la Kimakonde, iliyotokea kusini mwa nchi yetu mwaka 1952, ni vivyo hivyo. Maradhi haya ni yetu. Utafiti wake usiwe wa wengine peke yao.

Kwa hiyo vijana wetu wa Muhimbili na Mlimani wapewe maabara, vifaa na fedha. Angojaye dawa ya jirani hana budi kungoja na bei ya jirani.