Damu haisafiri kwa meli



Wiki iliyopita nilitoka zamu ya usiku hapa Uingereza nikakuta ujumbe wa binti wa kaka yangu. Yuko kidato cha pili, shule ya kata. Alipewa kazi ya nyumbani ya Baiolojia, aya moja ya Kiingereza na maswali yake. Akaniuliza: "Shangazi, mbona damu inasafiri kwa meli?" Nikacheka, halafu nikaona aibu. Kitabu kiliandika "blood vessels". Mtoto kafungua kamusi, katafuta neno moja moja, kakuta "vessel" ni chombo cha majini. "Tissue" akaandika karatasi ya kujifutia.

Nikamwuliza kwa Kiswahili: damu inapita wapi? Akajibu bila kusita: kwenye mishipa, moyo ndio unaoisukuma. Sasa niambieni, huyu hajui Baiolojia? Anajua. Lakini daftari litarudi limejaa wino mwekundu, na ataambiwa ni mzito.

Miaka saba tunamfundisha kwa Kiswahili, kisha tunambadilishia lugha na kumlaumu haelewi. Tume ya Makweta mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, wakubwa wakakataa. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka Kiswahili kwa ngazi zote, na sekondari bado ni Kiingereza. Tulishangilia SADC walipokipokea mwaka 2019, tukashangilia tena UNESCO walipokipa siku yake mwaka 2021. Ugenini kinapigiwa makofi, darasani kwetu hakina kiti!

Najua mtakaloniambia: "Wewe Kiingereza kimekulisha, unataka wenzako wakikose." Kweli kimenilisha. Lakini nilikipata kwa walimu walionifundisha Kiingereza chenyewe, si kwa kukariri Baiolojia nisiyoielewa. Kifundishwe vizuri, tena mapema, na walimu wanaokiweza. Kujifunza lugha ni jambo moja, kufanyiwa mtihani wa moyo na mapafu kwa lugha usiyoimudu ni jingine.

Hapa kazini, mgonjwa asiyejua Kiingereza hatumpi karatasi ya upasuaji asaini hivi hivi. Anatafutiwa mkalimani, kwa sababu saini ya mtu asiyeelewa si ridhaa. Waingereza wenyewe, wenye lugha yao, wanalijua hilo. Sisi tunamhukumu mtoto wa miaka kumi na minne maisha yake yote kwa karatasi asiyoielewa.

Na sisi wa huku tusijitoe. Mimi mwenyewe namlipia mtoto wa dada yangu ada ya "English medium", nikadhani nimemaliza kazi. Wa shule ya kata nikamwachia kamusi.

Mtihani wa darasa la saba unatungwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kumbe inawezekana! Basi na ya sekondari itungwe hivyo hivyo, mtoto ajibu kwa lugha anayoielewa, na vitabu vya sayansi viwe na lugha zote mbili. Anayepinga aje na hoja, asije na lafudhi.

Nawasilisha.