Kisima cha Liyongo, Kiriba cha Mkimbiaji na Mzigo wa Ozi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukikumbuka kisima katika kisa cha Fumo Liyongo kwa sababu ya shujaa aliyekifia. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo, akiwa amekwisha kuchomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, hupiga magoti kisimani na upinde wake mkononi, nao watu wa mji wakawa wanaiogopa hata maiti yake. Madarasani hujadiliwa usaliti, ushujaa na huzuni ya mama aliyeitwa kwenda kumsihi. Ni nadra kuulizwa swali dogo lililo wazi katika tukio hilo: siku hizo ambapo hapana aliyethubutu kukikaribia kisima, ni nani aliyekuwa amesimama kwa mbali na chombo kitupu kichwani?

Swali hilo halijapitwa na wakati. Kaburi linalosemwa kuwa la Liyongo huonyeshwa Kipini, penye mlango wa mto, na si mbali na hapo ndipo kilipo kijiji cha Ozi, katika Delta ya Tana, eneo la Garsen. Mto Tana husafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kufika huko, na njiani umewekewa mabwawa kadhaa ya umeme, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Delta yenyewe iliorodheshwa mwaka 2012 miongoni mwa ardhioevu zinazolindwa kwa Mkataba wa Ramsar. Heshima hiyo haikuizuia bahari. Maji ya mto yanapopungua, maji ya chumvi hupanda na kuingia mashambani, na mpunga na miembe ya Ozi imeteketea kwa chumvi hiyo. Chumvi ikipanda, maji matamu huwa mbali zaidi na mlango wa nyumba, na anayeyafuata aghalabu ni mwanamke.

Anayafuata na chombo gani? Hapa historia ina kejeli yake. Mtungi wa udongo, uliofinyangwa kwa ajili ya maji, ulipoanza kuondoka, nafasi yake ilichukuliwa na debe, ambalo asili yake ni bati la mafuta ya taa. Baada ya debe ikaja jerikeni. Chombo hicho cha lita 20 kilibuniwa na Wajerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya petroli ya jeshi lao, na jina lake limetokana na lakabu ambayo askari wa Kiingereza waliwapa Wajerumani hao. Vishikio vyake vitatu viliwekwa ili askari aweze kubeba mikebe miwili mitupu kwa mkono mmoja, au wawili washirikiane mmoja uliojaa. Mtungi wa njano wa plastiki unaoonekana leo kila penye foleni ya maji nao aghalabu ulianza maisha yake ukiwa na mafuta ya kupikia. Kwa ufupi, kwa muda wa karne nzima mwanamke amekuwa mrithi wa vyombo vya mafuta, na hapana hata kimoja kilichopimwa kwenye shingo wala mgongo wake.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba suala la chombo cha maji na mwili wa mwanamke limekuja kushughulikiwa kwa makini zaidi mahali pengine kabisa: katika mbio za nyikani na milimani. Kenya haiko nje ya mbio hizo. Lucy Wambui Murigi alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 na tena mwaka 2018. Mashindano ya aina yake ni mafupi na mshindani hana haja ya kubeba maji. Lakini anayekimbia saa tano msituni hana budi kuyabeba, naye hutumia mfuko wa mgongoni wenye mrija wa kunyonyea. Mfuko huo ulipata umaarufu kutokana na Michael Eidson, Mmarekani aliyekuwa mhudumu wa gari la wagonjwa, ambaye katika mbio za baiskeli za Texas mwishoni mwa miaka ya 1980 alijaza maji katika mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi na kuifunga mgongoni. Kiswahili kina neno lake tayari: kiriba. Ni neno la misafara, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, ingawa siku hizi wengi hulikumbuka kwa sababu ya kiribatumbo tu.

Viriba vya kwanza vilishonwa kwa kifua cha mwanamume. Watengenezaji walipowakumbuka wanawake, wengi walipunguza kipimo na kubadili rangi kuwa ya waridi, wakadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Mkanda mmoja unaopita katikati ya kifua humlazimisha mwanamke kuchagua kati ya kubanwa matiti na kuuacha mfuko urukeruke. Kilicho bora kina mikanda miwili, mmoja juu ya matiti na mwingine chini yake, nayo huweza kusogezwa, kwa kuwa mwili wa mwanamke hubadilika ndani ya mwezi mmoja, sembuse baada ya uzazi. Kama kuna chupa laini za mbele, ni heri zikae pembeni, kuelekea mbavu. Mgongo wa mfuko usiwe mrefu kiasi cha kugonga kiuno, na mishono isikutane na mishono ya sidiria, maana hapo ndipo ngozi huchubuka. Zaidi ya yote, kiriba kisijaribiwe kikiwa kitupu. Lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, na mfuko unaokaa vizuri dukani huweza kuwa adui baada ya kilomita kumi. Kiriba kikishajazwa kipinduliwe na hewa inyonywe yote kwa mrija, ili maji yasichezecheze mgongoni.

Yamkini msomaji atauliza: haya yanamhusu nini mwanamke wa Ozi, asiyekimbia kwa kujifurahisha? Yanamhusu kwa sababu kanuni ni ile ile, na mzigo wake ni mzito mara kumi na zaidi. Mwaka 1986, watafiti akiwamo Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyowashangaza wengi: wanawake wa Kiluo waliojitwika kichwani, na wa Kikuyu waliobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso, waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Matokeo hayo hupendwa kunukuliwa kama sifa, na sifa hiyo ina hatari yake. Mwanamke wa kilo 60 hufikia asilimia hiyo kwa kilo 12. Jerikeni ikijaa ina kilo 20. Kumsifu kwa ustadi wa kilo 12 kisha kumkabidhi kilo 20 ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Vipo vyombo vilivyojaribu kurekebisha hali hii. Afrika Kusini ilitoa pipa la kuviringisha lenye lita 90, na Marekani ikatoa mfuko wa mgongoni wa PackH2O uliogawiwa Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Pipa lafaa penye njia kavu. Katika tope la delta baada ya mafuriko kama yale ya mwaka 2018 au 2024, litanasa. Mfuko una matumaini zaidi: huacha mikono huru kushika kafi au mtoto, na uzito hukaa karibu na mwili. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni atauweka wapi? Chombo cha lita 10 nacho ni chepesi, ila chaongeza safari. Majibu ya mambo haya wanayo wachota maji wenyewe. Serikali ya kaunti au shirika linalotaka kununua vyombo mia tano lingetangulia kununua vitano vya namna mbalimbali, likawapa wanawake wa Ozi wavitumie kwa mwezi mzima, vikiwa vimejaa.

Lugha ya mazungumzo hayo ipo. Kiswahili hakisemi kubeba tu. Husema kujitwika, kueleka, kupagaa na kutua. Kina ngata ya kichwani, mbeleko ya mgongoni, na mzega wa begani, ambao kwa kawaida ulikuwa wa wanaume wauza maji. Katika orodha nyingi za istilahi zinazotungwa vyuoni, kompyuta na benki zimepata kurasa; mizigo ya wanawake bado. Kiriba cha mgongoni, mrija, mkanda wa juu na mkanda wa chini: hayo yangeweza kuingizwa katika orodha ijayo, pamoja na neno lolote ambalo wanawake wa Ozi watakuwa wamekipa chombo hicho kufikia mwisho wa mwezi wao wa majaribio.