Maji Yalifika Wapi Mwaka Ule?

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Unaandika jina lako. Unaandika barua. Unasoma mizani siku ya kuuza mazao, wala hupunjwi tena. Leo nataka kukupa kazi nyingine ya kalamu yako. Nataka uandike mafuriko.

Utauliza, mafuriko huandikwaje? Ngoja nieleze.

Tuchukue bonde la Mto Rufiji. Huu ndio mto mkubwa kuliko yote Tanzania. Maji yake hayatokani na mvua ya Rufiji peke yake. Mto Kilombero na Mto Luwegu hukutana, na hapo ndipo Rufiji inapoanza. Mbele kidogo Ruaha Mkuu nao huingia. Maji hayo yametoka mbali, katika nchi za juu za Mbeya, Njombe, Iringa na Morogoro. Kwa hiyo mkulima wa Rufiji anaweza kuwa anaanika mpunga wake, jua linawaka, mbingu haina hata wingu moja, na kumbe mafuriko yako njiani yanamjia.

Wazee wa Rufiji wanayajua maji haya. Wala hawayachukii. Maji yakipungua huacha matope yenye rutuba, na watu hupanda mahindi katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho wanakiita mlau. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wale wanaosema, "Watu wa bondeni ni wakaidi, mbona hawahami?" Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, ikawapeleka katika vijiji vya nchi ya juu. Watu walihama. Mashamba hayakuhama. Wakati wa kilimo wakulima walirudi bondeni, wakajenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalala humo ili kulinda mazao yao yasiliwe na nguruwe. Tumbo halihamishwi kwa amri.

Basi shida si kulima bondeni. Kwa maoni yangu, shida ni kusahau.

Mafuriko makubwa hayaji kila mwaka. Rufiji yalikuja mwaka 1974. Yalikuja wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998. Yalikuja 2020, na tena 2024. Baina ya gharika moja na nyingine inaweza kupita miaka kumi au ishirini. Katika miaka hiyo mtoto anakuwa kijana, anaoa, anatafuta kiwanja. Anaona mahali tambarare, karibu na shamba, udongo laini wa kuchimba msingi. Anajenga. Mzee aliyeyaona maji yakipita pale amekwisha kufa. Au yupo, lakini hakuulizwa.

Tena siku hizi wako wanaosema, "Sasa tuna bwawa, mafuriko yamekwisha." Ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022. Ni kweli pia kwamba bwawa huweza kuzuia maji mengi. Lakini bwawa ni kama mtungi. Mtungi ukijaa, humwagika. Bwawa likijaa, milango hufunguliwa, la sivyo ukuta wake utakuwa hatarini. Mwaka 2024 maji yalifunguliwa, na mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zikafunikwa. Bwawa lisikufanye ulale usingizi.

Sasa dawa ya kusahau ni nini? Ni maandishi. Maji yakikauka, usikimbilie kusugua ukuta. Tazama lile doa la matope lililobaki. Doa hilo linakuonyesha maji yalisimama wapi. Kabla halijafutika, piga mstari juu yake kwa rangi, au chonga kwa tindo. Fanya hivyo shuleni, zahanati, msikitini, kanisani, penye ghala, na katika shina la mti mkubwa. Kisha andika: MAJI YALIFIKA HAPA, APRILI 2024. Mwaka usiusahau. Mstari usio na mwaka watoto watadhani ni urembo tu.

Kwa mafuriko ya zamani waulize wazee kabla hawajaondoka. Nenda nao mpaka mahali penyewe. Mmoja akisema hapa na mwingine akisema pale, waache wabishane. Mara nyingi katika ubishi wao ukweli hutokea. Katibu aandike katika daftari la kijiji.

Alama hizo zitakusaidia kuelewa redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia maneno matatu. La kwanza ni angalizo. La pili, lenye uzito zaidi, ni tahadhari. La tatu ni tahadhari kubwa. Ukisikia hilo la tatu, usingoje kumaliza kuvuna. Lakini redio inazungumza na mkoa mzima. Haiwezi kukuambia kama maji yataingia chumbani mwako. Mstari ulio ukutani unaweza kukuambia.

Na upepo je? Hapo tumesahau zaidi. Watu wengi wa pwani husema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Si kweli. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi isiyo na idadi. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Mei 2024 kilikuja Kimbunga Hidaya karibu na Mafia. Vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisimama, na barabara ya kusini ikakatwa na maji huko Somanga, wilaya ya Kilwa. Kwa hiyo kabla ya masika panda juu ya paa, tazama misumari, funga mapau kwa waya. Bati linaloruka ni panga. Na upepo mkali ukianza, usijifiche chini ya mnazi wala mwembe.

Neno moja juu ya kuvuka mto uliojaa. Maji yanayofika magotini, yakienda kwa kasi, humwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake. Nguvu za jembe hazisaidii hapo. Chini huoni shimo, wala huoni gogo linalokuja. Ngoja.

Najua kazi hii ya kupiga mistari haitampendeza kila mtu. Mwenye kiwanja cha kuuza bondeni hatafurahi kuona ukutani pameandikwa kwamba maji yalifika kifuani. Huenda usiku akaufuta. Ndiyo maana nasema mistari iwe mingi, na vipimo viwe pia katika daftari la kijiji. Na kila mgeni anayekuja kununua kiwanja, serikali ya kijiji impeleke kwanza penye mstari, asimame, aone maji yangemfika wapi, kisha ndipo wazungumze bei.