Muuguzi wa akili asipimwe kwa karatasi peke yake

Muuguzi wa Mwanza anayejiandaa kwa mtihani wa utaalamu wa magonjwa ya akili hujisomea usiku, baada ya zamu, na mara nyingi hujisomea peke yake. Vitabu anavyovitegemea vimeandikwa ng'ambo, kwa Kiingereza, juu ya wagonjwa wa ng'ambo. Maswali anayojipimia ni yale yaliyokwisha kuulizwa miaka ya nyuma, ambayo hupitishwa mkono kwa mkono kama bidhaa ya magendo. Akifaulu hupewa hongera. Akishindwa huambiwa hakusoma. Ni wachache wanaouliza kama maandalio hayo yalimwezesha kumhudumia mvuvi wa Ukara au mkulima wa pamba wa Kwimba. Swali hilo halina budi kuulizwa, maana jibu lake linagusa uhai wa watu.

Tuanze na cheo chenyewe. Mwaka 1965 huko Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver wa Chuo Kikuu cha Colorado walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumpima mgonjwa, kutambua maradhi na kutoa tiba bila kungoja amri ya daktari kwa kila jambo. Walianza na wauguzi wa watoto. Wale wa magonjwa ya akili wakafuata baadaye. Leo muuguzi wa Marekani anayetaka kuthibitishwa katika fani hiyo hukaa mbele ya kompyuta kwa saa tatu na nusu, akajibu maswali 175, ambamo 150 tu ndiyo yanayohesabiwa. Mengine 25 ni ya kujaribiwa kwa matumizi ya baadaye, na mtahiniwa haambiwi ni yapi. Jirani zetu wa Uganda nao, kwa njia yao wenyewe, wamekuwa wakiwafundisha katika hospitali ya Butabika, Kampala, watabibu wa magonjwa ya akili wasio madaktari, ambao hupelekwa wilayani kupima na kutibu.

Sisi tunayo Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, na chuo chake kilichowalea wauguzi wa akili wa vizazi kadhaa. Tunayo shahada ya uzamili ya uuguzi wa akili Muhimbili. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iliyoliweka Baraza linalotoa leseni. Tusichokuwa nacho ni mtihani wa nchi nzima unaomthibitisha muuguzi wa akili kuwa mtaalamu mwenye madaraka ya kutambua maradhi na kutibu, na kumwekea mipaka ya madaraka hayo. Kwa hiyo anayekesha na vitabu leo hii anajiandaa kwa mtihani wa chuo, au wa leseni, na mmoja mmoja anajiandaa kwa ule wa Marekani.

Lakini kazi yenyewe haikungoja cheo. Mkoa wa Mwanza, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu takriban milioni 3.7. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1971, haihudumii mkoa huo tu bali Kanda ya Ziwa nzima, na madaktari bingwa wa akili ni wachache mno kulinganishwa na umati huo. Huko Nansio, Magu na Misungwi mgonjwa aliyechanganyikiwa akiletwa amefungwa kamba, anayempokea ni muuguzi. Ndiye anayeamua kama afunguliwe, adungwe sindano gani, alale au arudishwe nyumbani. Kumwita msaidizi wa daktari katika mahali ambapo daktari hayupo ni kujidanganya.

Hapo ndipo umuhimu wa maandalio unapoonekana. Tuchukue mfano wa mjane wa ziwani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Makaburi ya Igoma ni ushahidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Mbali na maafa hayo makubwa, kila mwaka ziwa humchukua mvuvi mmoja mmoja ambaye jina lake halifiki gazetini, na pengine maiti yake haionekani. Sasa mkewe anakuja zahanati akisema kwamba usiku husikia mumewe akimwita kutoka majini, na kwamba hali chakula. Je, huyu ni mgonjwa?

Mtahiniwa aliyekariri anatafuta idadi ya miezi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, uliorekebishwa mwaka 2022, unataka miezi 12 ipite tangu kifo kabla ya huzuni ya mtu mzima kuitwa ugonjwa. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka huo huo, unatosheka na miezi 6. Atachagua herufi kwa kutegemea kitabu alichokisoma, atapata alama yake, na mjane atabaki pale pale. Ajabu ni kwamba miongozo yote miwili inasema huzuni hiyo ipimwe kwa desturi za jamii ya mfiwa, na hilo ndilo jambo ambalo swali la kuchagua herufi haliwezi kulipima vizuri. Kumsikia marehemu akiita si dalili ya wazimu kwa mfiwa. Mtu ambaye hakuzika, hakuwa na kaburi la kufukia wala siku ya kuhesabia arobaini, hana pa kuanzia matanga yake. Muuguzi anayelijua hili atawauliza wakwe kama ibada ya mazishi bila maiti ilifanywa. Atauliza nani anamlisha mjane na watoto, na kama amewahi kufikiri kumfuata mumewe majini. Swali hili la mwisho ndilo la kwanza kwa umuhimu, na lina namna yake ya kuulizwa kwa Kiswahili bila kumtisha mtu.

Suala la lugha walimu wanaosoma ukurasa huu wanalifahamu kuliko mwandishi. Muuguzi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, halafu hufanya kazi kwa Kiswahili na Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Mgonjwa wa sonona hasemi kwamba ana sonona. Husema ana mawazo, au moyo unamwenda mbio, au kichwa kinawaka moto, au mwili umechoka tangu mavuno ya mwaka jana. Aliyefundishwa dalili kwa Kiingereza kitupu atampima malaria, atampa dawa za maumivu, na kumwambia arudi akizidiwa. Atakaporudi amezidiwa, pengine atakuwa amebebwa.

Upo pia upande wa dawa, ambako ujinga mdogo huleta hasara kubwa. Kijana aliyedungwa haloperidoli anaweza, baada ya saa au siku chache, kupindwa shingo, macho yakaelekea juu na ulimi ukatoka nje. Ni madhara ya dawa yanayojulikana, na sindano ya promethazini au dawa ya benzeksoli huyaondoa upesi. Lakini kwa ndugu waliokaa kando ya kitanda tafsiri ni nyingine: mizimu imekataa dawa za kizungu. Usiku huo huo kijana hutoroshwa kwenda kwa mganga wa jadi, na hospitali haimwoni tena kwa miaka. Muuguzi aliyejiandaa vyema huwaeleza ndugu mapema kwamba jambo hilo linaweza kutokea, na huweka dawa yake tayari. Mvuvi anayetumia lithiamu naye, ambaye hutoka jasho mchana kutwa au kupatwa na kuhara, dawa inaweza kumzidi mwilini hadi akatetemeka na kuyumba kama mlevi. Katika kambi ya wavuvi watasema amekunywa gongo.

Na kabla ya kumwita mtu mwendawazimu, zipo hatua za lazima. Mtu aliyeanza kuweweseka ghafla, leo anajua watu na kesho hawajui, na usiku akazidi, anatakiwa apimwe joto, malaria na sukari ya damu kwanza. Malaria iliyopanda kichwani haitibiki kwa kamba wala kwa dawa ya usingizi. Kifafa nacho, ambacho kwa desturi hutibiwa katika kliniki hizi hizi za akili, kina hatari yake ya pekee hapa: anayeanguka ndani ya mtumbwi hapati nafasi ya pili.

Jambo zito kuliko yote linawahusu wazee. Katika Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho yao mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia, yamefanywa kuwa ushahidi. Bibi anayeanza kupotewa na kumbukumbu, akatembea usiku, akaingia ua wa jirani na kuongea peke yake, yumo hatarini mara mbili. Muuguzi akiutambua ugonjwa huo wa kusahau wa uzeeni, akaueleza kwa jina lake mbele ya wanawe, ya mwenyekiti wa kijiji na, ikibidi, ya mganga wa jadi, huenda akaokoa roho. Waganga wa jadi wamewekewa utaratibu wa kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na wagonjwa wengi huanzia kwao. Kwa hiyo kuzungumza nao ni sehemu ya utaalamu, na utaalamu huo haujapata kutahiniwa inavyostahili.

Haya si mawazo mapya. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, katika ukingo wa ziwa hili hili, ikaamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi, bali kazi yake ya kila siku na mwenendo wake vihesabiwe, na kwamba anayetaka Chuo Kikuu atangulie kufanya kazi. Sharti la kutangulia kazini lilikuja kulegezwa, na sisi tuliopita vyuoni baadaye hatukulionja. Alama za mazoezi zimebaki, ingawa katika shule nyingi zimegeuka kuwa mitihani midogo midogo ya kukariri. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na hakuna kazi linakofaa zaidi kuliko uuguzi wa akili.

Watakuwapo watakaosema kwamba tukiweka mtihani wetu kando ya mgonjwa na kwa lugha zetu, tutashusha kiwango, na vyeti vyetu havitatambulika nje. Hoja hii inastahili jibu. Sayansi ya dawa ni moja: kiasi cha lithiamu katika damu hakibadiliki kwa sababu mgonjwa ni Mkerewe, na mtahiniwa asiyekijua kiasi hicho asipite. Karatasi ibaki, na iwe ngumu. Vyuo vyetu vina mtihani wa vitendo pia, na hilo ni jema, ila dakika chache mbele ya mtahini haziwezi kuonyesha kama muuguzi ana subira ya kumsikiliza mtu anayesema kwamba redio inamtaja jina. Tunachotaka ni kwamba nusu ya alama, si pungufu, itokane na wagonjwa halisi aliowahudumia mtahiniwa kwa miezi, chini ya jicho la mkubwa wake, na kwamba mahojiano yafanywe kwa lugha ya mgonjwa. Kuhusu kutambulika nje, tusilifanye hilo kuwa lengo la kwanza la fedha za wananchi.

Waajiri nao wana sehemu yao. Muuguzi anayejiandaa kwa mtihani huu anaandaliwa kwa ajili ya wagonjwa wa serikali na wa mashirika ya dini, si kwa starehe yake. Kumpanga zamu sita za usiku mfululizo wiki ya mtihani ni uonevu. Apewe siku za kusoma, apewe mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kwa watumishi wasio mabingwa, ambao ni kitabu chepesi na chenye manufaa kuliko mikusanyo ya maswali inayouzwa, na apewe mtu mzoefu wa kumwuliza. Akishafaulu, aachwe afanye kazi aliyoisomea. Tumeona wauguzi wa akili, baada ya kugharimiwa masomo, wakipelekwa wodi ya uzazi au chumba cha sindano kwa sababu ya uhaba, na kliniki ya akili ikifunguliwa mara moja kwa wiki, tena anapopatikana mtu. Uhaba upo, hakuna anayeukana. Lakini huwezi kuuziba kwa kumtoa mtu wa pekee aliyekuwapo.

Baraza la Uuguzi na Ukunga lina madaraka ya kulianza jambo hili, na Kanda ya Ziwa inafaa kuwa mahali pa kulijaribia. Bugando ina chuo kikuu chake cha afya na walimu. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, mtahini hangoji tena kivuko: akitoka Bugando alfajiri atakuwa Sengerema kabla kliniki haijafunguliwa, akae benchi moja na mtahiniwa na kumwona akifanya kazi siku nzima. Wa Ukerewe atapanda meli, safari ya yapata saa tatu, na itambidi alale huko.